Sifa za Embe na Jasho Lisilotajwa

Msomaji, uhakiki haukuwekwa kwa ajili ya mashairi na hadithi peke yake. Kila mahali ambapo maneno hutumika kumfunulia mtu jambo moja na kumfunika jingine, hapo mhakiki ana kazi ya kufanya, na soko ni mahali pamoja pa namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika mji wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Maneno nitakayoyapima humu ni yale yafuatanayo na embe tangu linapochumwa hata linapoliwa: jina lake, methali isemwayo juu ya mchumaji wake, sifa linazopewa na wauzaji wa mjini, na kitabu kimoja mashuhuri kilichoandikwa juu ya udongo uliolizaa. Sikusudii kuliharibia embe soko lake. Nyumba nyingi za Makueni hulipa karo kwa maembe, na yamkini baadhi ya wanafunzi wangu wasingalikuwa darasani bila hayo. Nataka kuuliza tu ni nani atajwaye katika maneno hayo na ni nani asiyetajwa.

Tuanze na jina. Msimu unapofika, kuanzia mwisho wa mwaka mpaka miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, soko letu hujaa maembe ya kila rangi. Muulize mama aliyeketi nyuma ya mafungu yake naye atakutajia: haya ni ngowe, yale ni dodo, yale pale ni Kent, na yale yenye wekundu shavuni ni Tommy Atkins au Haden. Ngowe na dodo ni majina ya pwani yetu. Kent, Haden na Tommy Atkins yametoka katika jimbo la Florida, Marekani. Habari za Haden zinajulikana vizuri. Mwaka 1902, katika kitongoji cha Coconut Grove, mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Kapteni John J. Haden alipanda mbegu za embe la Kihindi liitwalo Mulgoba. Mwaka 1903 akafa. Mjane wake, Florence, akaitunza miche hata mti ukazaa mwaka 1910, akalipa tunda jina la marehemu mumewe. Tommy Atkins ni mtoto wa Haden.

Tazama, basi, jinsi jina linavyogawa heshima. Wakulima wa India, waliochagua na kulea mbegu hiyo kizazi baada ya kizazi, hawamo. Mjane aliyengoja miaka saba yumo kwa jina la ndoa tu. Wala hawamo watu weusi waliotoka visiwa vya Bahama, ambao mikono yao ndiyo iliyofyeka misitu na kujenga nyumba za Coconut Grove siku zile, nao wakaishi katika mtaa wao wa kando kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Mti ulipofika Ukambani, jina lilikuwa limekwisha kukatwa na kushonwa. Sisi tulilivaa kama lilivyokuja.

Na tazama tena. Kokwa ya embe bora ukiipanda, aghalabu hupati tunda lile lile. Sharti mtu achukue kikonyo cha mti bora, akichonge kwa wembe, akiunganishe na shina la mche wa kienyeji, akifunge kwa ukanda wa nailoni, kisha angoje. Kazi hii huitwa kubebesha. Mkono ukitetemeka, kikonyo hukauka. Wako vijana na akina mama wa Makueni waijuao kazi hii kama fundi ajuavyo randa, na miti iliyo mashambani leo imesimama kwa sababu ya vidole vyao. Hapana embe hata moja liitwalo kwa jina la mmoja wao.

Nije kwenye methali. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, tulizoezwa sana kuifafanua ile isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini. Jawabu lilikuwa moja: avumiliaye taabu atastarehe. Hapana aliyeuliza kama ni kweli, kwa kuwa mtihani haukuuliza hivyo. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waichukue methali hii mpaka shambani, waipime huko.

Wakifika huko huona mambo haya. Wakulima wengi huuza maembe yakiwa bado mtini, maana karo haingoji tunda kuiva. Dalali huja, huutazama mti, hutaja bei ya mti mzima. Baadaye huja na lori na vibarua. Kibarua hupanda juu, au hushika upondo wenye kimfuko nchani, akaliteremsha embe taratibu lisichubuke, kwa sababu lililochubuka litahesabiwa kuwa kosa lake. Utomvu unaoruka kutoka kwenye kikonyo huunguza ngozi, ukaacha madoa meusi shingoni na mikononi kwa majuma kadhaa. Malipo ni ya siku au ya kreti. Siku ya mvua hapana kazi, na pasipo kazi hapana malipo. Jioni lori huenda Nairobi au Mombasa, naye mchumaji hurudi nyumbani kwa miguu akiwa amechuma juani mchana kutwa. Kivulini yuko mwingine.

Sisemi kwamba methali imesema uongo. Mwenye shamba lake, aliyechuma chake akakiuza mwenyewe kwa bei aliyokubali, huweza kula kivulini. Lakini methali hiyo haina neno juu ya mtu achumaye juani mali ya mwingine. Ukimwambia kibarua maneno hayo kwa kumtia moyo, umemwahidi malipo ambayo wewe huna mkononi.

Sasa tupande na lori mpaka mjini. Jijini Nairobi, katika mitaa ya wenye nafasi kama vile Karen na Westlands, hufanyika masoko ya siku maalumu yanayoitwa masoko ya wakulima. Meza hutandikwa vitambaa, matunda hupangwa ndani ya vikapu vya ukindu, na bango husema kwamba bidhaa zimetoka moja kwa moja shambani, zimekuzwa bila dawa, zimechumwa asubuhi. Wanunuzi ni watu wa rangi zote, Wazungu na Wahindi na Waafrika wenye mapato mema; wapagazi na wapangaji wa meza ni wa rangi moja. Hilo laonekana kwa macho. Lakini mimi mwalimu wa lugha huvutwa zaidi na vitenzi. Zimetoka, zimekuzwa, zimechumwa. Vyote ni vitenzi visivyo na mtenda. Sarufi yetu inatupa njia rahisi ya kumtaja mtenda katika kauli ya kutendwa: tunaongeza neno dogo “na”. Limechumwa na fulani. Neno hilo lina herufi mbili tu, nalo ndilo bango lisilothubutu kuliandika. Shamba limefanywa kama kiumbe chenye mikono, kinachochuma na kuchukua mazao kwenda sokoni chenyewe.

Desturi ya kuyapamba masoko hayo kwa maneno ya namna hii imestawi sana Marekani, na huko vilevile mtenda amefichwa na sheria, si na bango tu. Mwaka 1935 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri wao. Vibarua wa mashambani waliachwa nje. Mwaka 1938 ikatunga sheria ya ujira wa chini na saa za kazi. Wakaachwa nje tena. Katika majimbo ya kusini wengi wa vibarua hao walikuwa watu weusi. Kisha tangu mwaka 1942 mpaka mwaka 1964 waliletwa wanaume wa Meksiko kwa mamilioni ya mikataba ili wavune mazao na kurudi kwao. Mtu alinunua lettusi kwa furaha, asiulize lilikatwa na nani.

Mwaka huo wa 1938 una maana kwetu pia, na hapa sharti tuache Marekani turudi Ukambani, kwa kuwa watu wa rangi mbalimbali walikutana katika soko letu kwa njia ya ukali zaidi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewawekea Wakamba mipaka. Upande mmoja milima ya Mua ilikuwa imechukuliwa na masetla; upande mwingine malisho ya Yatta yalizuiwa; na nyanda za chini, Makueni yetu ikiwamo, zilikuwa vichaka vya mbung'o. Watu na ng'ombe wakasongamana ndani ya eneo lililofungwa, udongo ukachoka. Mwaka 1937 afisa wa udongo, Colin Maher, aliandika taarifa iliyoonyesha nchi ya Wakamba ikielekea kuwa jangwa na watu wake kuwa fukara wasio na tumaini. Lawama iliwekwa juu ya ng'ombe na wenye ng'ombe. Mipaka ilipita salama.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa soko. Ng'ombe walikamatwa, wakapigwa chapa, wakauzwa kwa mnada wa lazima, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilichofunguliwa Athi River mwaka huo huo wa 1938 kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Huo ulikuwa mnada, ndiyo. Palikuwa na muuzaji, mnunuzi na bei. Ila muuzaji hakutaka kuuza. Mwishoni mwa Julai, watu kwa maelfu, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakakaa kwa majuma kadhaa Kariokor, wakidai kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara ipitayo mbele ya Soko la Jiji, Nairobi, inaitwa kwa jina la Muindi Mbingu. Mara moja, basi, jina limeangukia mahali panapostahili, nami nashangaa kwamba ninaposimama pale na kuwauliza vijana wanaonunua matunda huyo Muindi Mbingu alikuwa nani, wengi hunijibu kwamba ni barabara.

Bei nayo ilikuwa na rangi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa sheria ya mwaka 1942, masetla walihakikishiwa bei ya mahindi yao hata mvua ikikosa. Mkulima Mwafrika alilipwa chini ya hapo kwa mahindi ya namna ile ile, mengine yakiwa yametoka katika udongo wa jirani. Gunia halikuwa na ngozi. Lilipewa ngozi ya mwenyewe. Kahawa, zao lenye faida, Waafrika wengi walizuiwa kulilima kwa miaka mingi, na Wakamba wa milimani walianza kulipanda kwa wingi katika miaka ya 1950 tu. Kati ya setla na mkulima alikaa Mhindi mwenye duka na mizani, naye alilaumiwa na pande zote mbili. Hapa haki yataka tukumbuke kwamba sheria ilimzuia yeye vilevile kumiliki shamba katika nyanda za juu za Wazungu. Kila mtu alipewa kazi yake kwa rangi, kisha akadharauliwa kwa kuifanya.

Nimefika kwenye kitabu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa utafiti uitwao More People, Less Erosion, yaani watu wengi zaidi na mmomonyoko mchache zaidi. Ni habari za wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1992. Wanaonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka kutoka karibu 240,000 hadi karibu milioni 1 na laki 4, na kumbe ardhi, badala ya kuwa jangwa kama ilivyotabiriwa, ilistawi zaidi, ikawa na matuta, miti na mazao ya kuuza. Hiki ni kitabu cha heshima. Kimemnyang'anya Maher neno la mwisho na kumpa Mkamba. Kila mwanafunzi wa Makueni angekijua, angetembea na kichwa juu.

Walakini mhakiki hana budi kukisoma kitabu akipendacho kwa ukali ule ule. Uzito wa maelezo yake umewekwa juu ya mambo mawili: wingi wa watu na nafasi ya masoko, hasa ukaribu wa Nairobi. Wingi wa watu ulileta mikono, soko likaleta sababu ya kuitumia. Ni kweli, wala waandishi hawakuficha amri za ukoloni. Lakini hesabu ya namna hiyo huifanya mikono yote ifanane. Matuta yalichimbwa na nani? Katika miaka ya 1940 na 1950 yalichimbwa kwa amri, asubuhi kadhaa za kila juma, chini ya jicho la chifu. Baadaye yalichimbwa kwa vikundi vya mwethya, watu wakisaidiana shamba kwa shamba. Nyakati zote mbili wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, na sababu yake imo katika historia ya rangi niliyoieleza: kodi ilikuwa imewatoa wanaume nyumbani tangu mwanzo wa karne, wakaenda kwenye mashamba ya mkonge, kwenye reli, jeshini na mijini, kipande kikiwa shingoni tangu mwaka 1920 hivi. Mwanamume alijenga shamba la setla kwa mshahara haba, mwanamke akalinda shamba la nyumbani bila mshahara. Mshahara wenyewe uliweza kuwa haba kwa sababu shamba la nyumbani liliwalisha watoto. Hapo ndipo bei ya mkonge na bei ya mahindi zilipokutana, mgongoni mwa mtu mmoja. Wako pia wakosoaji walioonyesha, miaka michache baada ya kitabu kutoka, kwamba mafanikio ya Machakos hayakugawanyika sawa: wengine walinunua ardhi, wengine waliiuza wakawa vibarua wa jirani zao.

Kuna jambo moja la lugha ambalo sijachoka kulifikiria. Aina ya tuta lililoenea zaidi Ukambani ni lile ambalo mchimbaji huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Wataalamu wa dunia nzima wanaliita “fanya juu”, kwa Kiswahili hivyo hivyo, hata katika vitabu vya Kiingereza. Twajivunia, na tuna haki ya kujivunia, kwamba lugha yetu imeingia katika sayansi. Lakini yatazame maneno yenyewe. Ni amri. Ni sauti ya msimamizi aliyesimama kando akimwambia mtu mwenye jembe: fanya juu. Sauti ya aliyesimama imehifadhiwa vitabuni; aliyeinama hakuandikwa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bei mbili za rangi mbili zikafa, na sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ikawaondoa wafanyabiashara wengi wa Kiasia wasio raia kutoka miji midogo. Mwenye mizani akabadilika rangi. Mizani je? Dalali wa leo ni mtu wetu, asema Kikamba safi, na si mwovu kwa asili. Hubeba hasara ya barabara mbovu na maembe yaozayo. Lakini mkulima asiye na ghala wala mnunuzi wa pili hana nguvu ya kukataa bei, kama babu yake alivyokuwa hana. Kwa hiyo kiwanda cha matunda kilichofunguliwa na serikali ya kaunti huko Kalamba mwaka 2017 kilikuwa na maana kubwa kuliko rojo ya embe itokayo humo: kilimpa mkulima mtu wa pili wa kumuuzia. Kibarua hakupewa bado. (Mgeni ajuaye Kiswahili asikiapo jina la mji wetu hudhani maana yake ni kila mtu. Laiti soko lingekuwa hivyo.)

Hata sifa tunazopewa zina hila ndani yake. Wakoloni waliyapanga makabila kama bidhaa dukani: hawa wafaa jeshini, hawa wafaa jikoni, hawa wafaa shambani. Mkamba alisifiwa kuwa askari mtiifu na mtu wa kazi. Mpaka leo utamsikia mwajiri wa Nairobi akisema kwa upole kwamba Wakamba ni wachapakazi, hawanung'uniki. Msomaji, sifa hiyo ipime kabla hujaipokea. Mtu asifiwaye kwa kutonung'unika amekwisha kupangiwa ujira.

Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na mlango ulifunguliwa tena mwaka 2021, Makueni ikiwa miongoni mwa mahali palipoandaliwa kwa mitego na usafi wa mashamba. Embe liendalo huko sharti lijulikane limetoka shamba lipi, ili nzi mmoja akionekana ng'ambo ya bahari, njia yake iweze kufuatwa mpaka hapa. Kumbe yawezekana kulifuata embe moja maelfu ya maili. Ziko pia hati za wanunuzi wa ng'ambo zinazouliza hali ya wafanyakazi, na hizo ni afadhali kuliko kimya. Ila embe linalobaki Wote halina hati yoyote.

Kwa hiyo msimu uliopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi: waandike bango la fungu moja la maembe, na kila kitenzi kifuatwe na “na”. Walikwenda sokoni na mashambani kwa siku mbili. Mmoja wao, msichana wa upande wa Kathonzweni, aliandika nani aliyebebesha mti, nani aliyechimba tuta lililo chini yake mwaka nyanya yake alipoolewa, nani aliyechuma, na kwa ujira gani wa siku. Alipofika kwenye bei ambayo dalali alilipwa Nairobi aliacha nafasi tupu, akaandika pembeni kwa penseli kwamba ameuliza mara tatu na hakujibiwa.